Kadi ya Ndege kwa Mtu wa Safari Moja kwa Mwaka

Leo nataka tusemezane juu ya jambo ambalo zamani lilikuwa la mabwana wakubwa tu, na siku hizi limefika hata kwetu Nkololo. Ni habari za kadi za ndege. Najua wengine mtacheka na kusema, "Sisi twalima pamba na choroko, tuna shauri gani na ndege?" Chekeni, lakini msilifunge gazeti kwanza. Hesabu watoto wa kijiji chako walioko Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, na wale walioko ng'ambo. Wakija likizo, wangapi hushuka Mwanza kwa ndege, kisha wakapanda basi kupitia Lamadi na Bariadi? Na wazazi wangapi wametumiwa tiketi waende kuona wajukuu? Basi jambo hili limekwisha kuwa letu, na lililo letu yatupasa tulijue.

Kadi ya ndege ni nini? Kampuni ya ndege huandika jina lako katika daftari lake na kukupa namba. Kila usafiripo na ndege zake, huandikiwa pointi. Wengine huziita maili. Zikitimia kiasi fulani, kampuni hukupa tiketi ya zawadi. Sisi watu wa pamba hatushindwi kulielewa jambo hili. Wazee wetu walipouza pamba katika chama cha ushirika walipewa fedha ya kwanza penye mizani, na baadaye, mambo yakienda vema, wakapata malipo ya pili. Pointi ni kama malipo ya pili. Lakini tazama tofauti. Malipo ya pili yalikuwa shilingi, na shilingi hununua bati, chumvi na daftari la mtoto katika duka lolote. Pointi ni fedha ya duka moja, na mwenye duka ndiye apangaye bei, tena aweza kuipanga upya wewe umelala.

Desturi hii ilienea kutoka Marekani. Mwaka 1981 kampuni ya American Airlines ilianzisha mpango wake uitwao AAdvantage, na baada ya siku chache tu United Airlines nayo ikaanzisha wake. Wakati huo Air Tanzania yetu ilikuwa na umri wa miaka 4, maana ilizaliwa mwaka 1977 baada ya East African Airways kuvunjika. Wamarekani wale hawakufanya hivyo kwa ukarimu. Walitaka mfanyabiashara asafiriye kila juma asihamie kwa jirani. Shika neno hilo, msomaji: kadi hizi zilitungwa kwa ajili ya mtu wa kila juma, ambaye aghalabu nauli yake hulipwa na ofisi. Wewe usafiriye mara moja kwa mwaka, kwa fedha ya mfuko wako, ili kuona ndugu au kupumzika kidogo, hukuwa katika mawazo yao. Sisemi kwamba kadi haikufai. Nasema kwamba sharti uichague kwa hesabu yako, usiichague kwa hesabu ya yule mwingine.

Nyumbani kwetu shauri hili lilikuja kwa ajili ya mama. Amepita miaka 80, na katika maisha yake yote hakuomba makubwa. Lakini mwaka mmoja, tulipokwisha kuuza pamba, alisema, "Nyanza nimeiona. Bahari sijaiona." Basi. Hakuongeza neno. Sisi watoto wake tuko watano, na neno lile lilituingia wote. Kumpakia katika basi hadi Dar es Salaam haikufaa, maana mgongo wake hauwezi tena kukaa kitini mchana na usiku. Ikawa ni ndege, kutoka Mwanza, pamoja na mtu wa kumsindikiza.

Mdogo wetu mmoja afanya kazi katika nchi za Ghuba. Huja nyumbani kila baada ya miaka miwili, naye ana kadi ya kampuni impeleayo na kumrudisha. Akatuambia katika simu, "Msinunue tiketi. Wote tujiandikishe katika kampuni yangu, tukusanye pointi, mama aende bure." Maneno matamu. Wengine walishangilia. Dada yetu aliye Dar es Salaam akauliza swali moja tu: "Zitatimia lini?" Hakuna aliyejua. Basi tukaketi kwa kalamu na karatasi, na yale tuliyoyaona katika karatasi ile ndiyo nitakayo kuwaeleza, maana yaweza kumsaidia mtu mwingine.

Jambo la kwanza tuliloliona ni njia. Kampuni ya mdogo wetu haitui Mwanza. Dada na kaka yetu mmoja, ambao hupanda ndege kila mwaka kati ya Mwanza na Dar es Salaam, wasingepata humo hata pointi moja, maana wasafiri wa njia hiyo huchukuliwa na makampuni ya kwetu, kama Air Tanzania na Precision Air. Na hata pointi za mdogo wetu mwenyewe zisingemtoa mama Mwanza. Kwake yeye kadi ile ni nzuri kabisa, kwa kuwa njia yake ni hiyo moja daima. Kwetu ilikuwa kama kuweka akiba ya pamba katika chama cha wilaya nyingine.

Jambo la pili ni umri wa pointi. Watu wengi hawajui kwamba pointi hufa. Mpango wa Emirates uitwao Skywards huzipa miaka 3. Flying Blue, ambao ni mpango wa Air France na KLM, huzipa miaka 2, ila ukisafiri nao tena kabla ya muda kwisha huongezewa uhai. Sasa fanya hesabu hii nami. Ni mfano tu, si bei ya kampuni yoyote. Tuseme tiketi ya zawadi yataka pointi 15,000, na safari moja ya kwenda na kurudi yakupa 1,000, na pointi hufa baada ya miaka 3. Wewe wasafiri mara moja kwa mwaka. Mwaka wa kwanza una 1,000, wa pili 2,000, wa tatu 3,000. Mwaka wa nne wapata 1,000 mpya, na zile 1,000 za kwanza zafa. Utabaki na 3,000 hata uote mvi. Ni kujaza maji debe lililotoboka. Hata dada na kaka wakichanga pamoja, ni 6,000, na mama ataka kiti chake na kiti cha msindikizaji.

Tulipomweleza mama, kwa kuwa ilikuwa haki yake kujua, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Hizo pointi zikitimia na mimi sipo, atapanda nani?" Hakusema kwa huzuni. Aliuliza kama mtu aulizaye nani atafunga ng'ombe jioni. Lakini hakuna aliyepata la kujibu, na mdogo wetu katika simu akanyamaza kitambo kirefu. Alitaka zawadi hiyo itoke mkononi mwake, naye yuko mbali. Hilo tulilielewa.

Tulikata shauri siku ile ile. Kila mmoja alichanga shilingi kadiri ya uwezo wake, na mdogo wetu akatuma fungu kubwa kupita wote. Tulinunua tiketi mapema, katika mwezi ambao si wa likizo za shule wala wa Krismasi, maana Desemba kila Msukuma ataka kurudi kwao na nauli hupanda. Mama na dada waliandikishwa katika mpango wa kampuni ile ile tuliyonunua tiketi, kwa sababu kujiandikisha ni bure. Pointi zikija, zije. Hazikuwa sababu ya safari. Mama alifika Dar es Salaam, akapelekwa Kigamboni kwa kivuko, akashuka mpaka mchangani, akachovya kidole katika maji na kukitia mdomoni. "Kumbe ni kweli," alisema, "ni chumvi." Akataka tumjazie chupa moja awaonjeshe wenzake nyumbani.

Sasa nirudi kwako, msomaji. Huenda wewe, au mtoto wako, mwataka kuchagua kadi. Yafaa ujiulize mambo haya kwa taratibu.

Uliza kwanza, ni ndege gani hutua pale niendapo kwa kweli? Usiulize ni ipi yenye matangazo mazuri. Kwa safari za ndani ya nchi, chukua kadi ya kampuni utakayopanda. Precision Air, kwa mfano, iliuita mpango wake Paa Royal. Hakuna sheria ikukatazayo kuwa na kadi mbili. Lakini pointi zilizotawanyika ni kama mbegu zilizotupwa barabarani, kwa hiyo moja iwe ya kukusanyia kwa bidii.

Kwa mtoto aliye ng'ambo, jambo ni pana zaidi, maana makampuni mengi yamefunga ushirika. Star Alliance ulianzishwa mwaka 1997, oneworld mwaka 1999, na SkyTeam mwaka 2000. Ethiopian Airlines iliingia Star Alliance mwaka 2011, Kenya Airways ni ya SkyTeam, na Qatar Airways iliingia oneworld mwaka 2013. Faida yake ni hii: ukiwa na kadi ya kampuni moja, waweza kuandikiwa pointi ukipanda ndege ya mwenzake. Kijana aliye Ujerumani, ambaye hupanda Lufthansa huko Ulaya na kuja kwetu kwa Ethiopian, aweza kuzitia zote katika daftari moja, kwa kuwa makampuni hayo mawili ni ya ushirika mmoja. Aliye Uingereza aweza kufanya hivyo na British Airways na Qatar Airways, ambazo pointi zao zote mbili huitwa Avios. Emirates haimo katika ushirika wowote wa hiyo mitatu, ingawa ina mapatano yake na makampuni mbalimbali.

Uliza pili, pointi huishi muda gani? Kwa mtu wa safari chache swali hili lapita mengine yote. Mtoto aliye Marekani, ambaye huja nyumbani mara moja kwa miaka mitatu, azingatie kwamba Delta na United zimesema pointi zao hazifi kwa kupita muda. Delta haileti ndege Tanzania, lakini imo katika SkyTeam pamoja na KLM. Na United imo katika Star Alliance pamoja na Ethiopian. Kwa hiyo aweza kupanda KLM au Ethiopian kuja kwetu, na pointi akazitia katika kadi ya Kimarekani, zikamsubiri. Hapo kampuni isiyotua kwetu yamfaa kuliko itakayotua. Mwambie asome masharti ya tiketi yake kwanza, maana tiketi za bei ya chini kabisa pengine hazipewi pointi za namna hiyo.

Uliza tatu, wanahesabuje? Zamani walihesabu umbali. Aliyelipa nauli ndogo na aliyelipa kubwa, wakiruka njia moja, walikaribiana. Siku hizi mipango mingi huhesabu fedha uliyolipa. Delta na United zilibadili hivyo mwaka 2015, American Airlines mwaka 2016, na Flying Blue mwaka 2018. Kwa mtu wa matembezi, atafutaye nauli nafuu, maana yake ni pointi kidogo. Usishangae ukirudi kutoka safari ndefu na kuona daftari halikujaa.

Uliza nne, jamaa yangu yaweza kuchanga? Sisi ni watu wa jamaa, na hapa jambo hilo lina faida. Emirates na Qatar Airways, kwa mfano, huruhusu watu wa nyumba moja kuunganisha pointi zao katika fungu moja. Baba, mama na watoto wanne wakija pamoja mara moja, wamekwisha kuwa safari sita. Mipango mingi pia hukuruhusu kumkatia ndugu tiketi ya zawadi kwa pointi zako. Lakini kuzihamisha kutoka daftari la mtu hata la mwingine mara nyingi hutozwa fedha, na pengine haina faida. Tena jua kwamba katika masharti ya mipango mingi imeandikwa kuwa pointi ni mali ya kampuni, si mali yako. Usizihesabu katika urithi.

Baada ya maswali hayo, kuna onyo nisiloweza kuliacha. Usilipe nauli kubwa kwa ajili ya pointi. Tuseme tiketi ya kampuni moja ni shilingi 250,000 na ya nyingine ni 310,000, nayo ile ya pili ndiyo uliyo na kadi yake. Shilingi 60,000 unazozidisha ni fedha halisi, leo, mkononi. Pointi utakazopata ni ahadi. Mlipokuwa mkipeleka pamba mizanini, nani kati yenu aliacha bei ya juu akaifuata ya chini kwa sababu mnunuzi ameahidi kitu mwaka wa kesho kutwa? Twakumbuka pia fastjet, iliyoanza kuruka kati ya Dar es Salaam na Mwanza mwishoni mwa mwaka 2012. Iliwavuta watu kwa nauli ndogo ikinunuliwa mapema, na wengi walipanda ndege mara ya kwanza katika maisha yao. Iliposimama mwishoni mwa mwaka 2018, aliyekuwa amefaidi nauli ndogo alikuwa amekwisha kufaidi. Lakini wasafiri wa Air Berlin ya Ujerumani, iliyofilisika mwaka 2017, waliona hata mpango wao wa pointi, ulioitwa topbonus, ukifilisika mwezi ule ule. Kwa hiyo pointi zikitosha kitu, zitumie. Si mahindi ya kuweka ghalani.

Wala usidhani tiketi ya zawadi ni bure kabisa. Kodi na ada za uwanja wa ndege mara nyingi utalipa mwenyewe. Uliza kiasi chake kabla hujafurahi, maana kuna safari ambazo ada hizo zaikaribia nauli nafuu.

Mambo madogo nayo yasisahauliwe. Jina katika kadi liwe sawasawa na jina katika kitambulisho cha taifa au pasipoti. Kwetu mtu ana jina la ubatizo, jina la baba, na jina ambalo kijiji chote humwita, na kila karatasi ina lake. Mashine ya kampuni haitambui hayo. Majina yakipishana, pointi hazionekani. Toa namba ya kadi wakati wa kununua tiketi, usingoje mpaka umeshuka. Kipande cha karatasi ulichopandia ndege kiweke mpaka uone pointi zimeingia, kwa sababu zisipoingia ndicho utakachoulizwa. Na mtu akikupigia simu akisema umeshinda pointi, umpe namba yako ya siri, mkatie simu. Kampuni haiulizi namba ya siri.

Najua wako watakaosema maneno haya ni mengi kwa ajili ya kadi moja. Kweli ni mengi. Lakini makampuni haya yana watu wa hesabu waketio ofisini mwaka mzima wakipima ni pointi ngapi zitakazokufanya uongeze safari usiyoihitaji. Si vibaya nasi tukiketi jioni moja na kalamu. Ukikuta kadi inafuata njia yako, haikutozi kitu, na pointi zake haziharakishi kufa, ichukue bila wasiwasi. Ukikuta sivyo, nunua tiketi yako mapema kwa shilingi, uende ukamwone mjukuu. Na kama yuko mzee nyumbani mwako ambaye amekwisha kutaja mahali anapotaka kupaona, muulize anataka kwenda mwezi gani, ndipo uanzie hapo hesabu yako.

Ni mimi mwenzenu,
Nkololo, Bariadi.